Unga wa kusafisha ini ulionitoa jasho

Dume la kondoo tuliyemchinja mwaka jana ndo chanzo cha haya yote, maana ini lake lilikuwa gumu, mirija ya nyongo imekakamaa na ukikata inatoka minyoo bapa kama vijani vilivyolowa. Mimi na akili zangu nikaenda kununua nini? Unga wa mitishamba wa "kusafisha ini". Kila asubuhi nachanganya kwenye pumba, najiona mfugaji wa kisasa kabisa.

Sisemi mitishamba ni uongo. Silimarini, ile ya mbegu za mbigili aina ya milk thistle, inasaidia kulinda seli za ini dhidi ya sumu. Lakini kulinda seli na kuua mnyoo ni vitu viwili, mnyoo kajichimbia kwenye mrija wa nyongo anakula damu, we unampa kondoo unga! Daktari wa mifugo aliponiuliza hivyo nilikosa jibu. Akawapa kondoo triklabendazo, dawa ya minyoo inayoua mpaka minyoo michanga inayotoboa ini, wakati albendazo, dawa nyingine ya minyoo, inagusa iliyokomaa tu tena kwa dozi ya juu, na jike mwenye mimba changa hapewi. Tukawatoa na kule kwenye majani ya kinamasi kwa sababu konokono wa huko ndo wanaobeba huyo mdudu.

Sasa balaa lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wa ule unga. Maandishi madogo kule nyuma, kumbe wameongeza madini na kopa (shaba) imo, mchanganyiko wa ng'ombe jamani! Kondoo na kopa haviivi. Ng'ombe anaivumilia, kondoo anaiweka akiba kwenye ini wiki hadi miezi, huoni dalili hata moja, mpaka siku kapata msukosuko, labda safari au njaa, ini linaimwaga kwenye damu kwa mkupuo, chembe nyekundu zinapasuka, macho ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, siku mbili tatu kafa. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 15 za kopa kwa kilo ya chakula cha kondoo, na wangu maini yalishatobolewa tayari. Wiki kadhaa nilikuwa naamka usiku kuwamulika macho kwa tochi.

Ambapo naona virutubisho vya mimea vina kazi ni kwa jike mwenye mapacha, zile wiki 6 za mwisho. Watoto wamembana tumbo, hali vya kutosha, anayeyusha mafuta yake mwenyewe yanaenda kujazana kwenye ini. Kolini, kirutubisho kinachofanana na vitamini, inasaidia kuyatoa humo, ila ya kawaida vijidudu vya tumbo la kwanza vinaimaliza karibu yote, ndo maana watu wanatafuta ya mimea au iliyofunikwa isimeng'enywe mapema. Mimi bado naanza na nafaka kidogo na majani makavu yasiyo na ukungu, maana sumukuvu nayo inakula ini vilevile.

Mfuko uko stoo, nusu. Nimeuandika kwa maka peni herufi kubwa: KOPA, KONDOO WASIGUSE.