Kidani cha Bibi

Mwaka 1980 nilikuwa nashinda studio kwa mjomba, Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuanika picha. Zilikuwa picha nyeusi na nyeupe, tukizisafisha nyuma ya pazia zito, na dawa ya mwisho ya kusafishia, ambayo mafundi waliiita "haipo" (hypo), ikishachoka tunaimwaga mferejini.

Januari ile bei ya madini ya fedha ikapaa. Huko Marekani, ndugu wa familia ya Hunt, matajiri wa mafuta wa Texas, walikuwa wamelimbikiza madini hayo mpaka aunsi moja ikakaribia dola 50. Habari zikamfikia sonara jirani yetu, mzee wa Kihindi ambaye siku zote alikuja kwa ajili ya soga tu. Safari hii akaja na debe tupu. "Bwana, haipo msiimwage tena. Nipe mimi."

Mjomba alicheka, maana alijua. Karatasi ya picha hupakwa chumvi ya fedha. Palipoguswa na mwanga, dawa ya kwanza hupageuza fedha nyeusi, na hiyo ndiyo picha yenyewe. Pasipoguswa, chumvi huyeyuka ndani ya haipo ikaondoka nayo. Mwingereza John Herschel aligundua tangu 1819 kwamba dawa hiyo huyeyusha chumvi za fedha, na upigaji picha ulipotangazwa duniani mwaka 1839 ikapata kazi yake. Basi kila penye weupe pichani, fedha yake ilikuwa imo kwenye debe letu.

Wakakubaliana bila senti kutoka mfukoni. Sonara achukue haipo, na sehemu ya fedha amtengenezee Bibi kidani cha kufunguka chenye picha ya Babu, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nilimfuata hadi uani kwake. Alitumbukiza kwenye debe nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akafunika, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Niliporudi, chuma kilikuwa kimelika na chini kumetuama tope jeusi, baya, linalonuka. Nikaona mzee ametudanganya. Akalichuja, akalikausha, akalichanganya na unga mweupe, akalipiga moto kwenye kichungu cha udongo. Tope likajikusanya, likawa tone linalong'aa na kutetemeka. Mpaka leo sijaona kiini macho kinachofikia kile.

Picha ya Babu mjomba aliipiga upya kutoka ile ya ukutani, akaisafisha ndogo kabisa. Sonara akaweka sarafu ya sumni juu ya uso wa Babu, akazungushia penseli, akakata kwa mkasi wa kucha huku ameuma ulimi. Kioo cha kufunikia alikitoa kwa fundi saa.

Ukubwani nilisoma kwamba Malkia Victoria, baada ya kufiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alivaa picha yake kwenye mapambo, na watu wa Uingereza wa zama zile walikuwa wakiweka hata nywele za marehemu ndani ya vidani. Bibi angesikia hilo la nywele angesoma audhubilahi. Hata picha za zama za mwanzo, zile za Mfaransa Daguerre, zilikuwa bamba la shaba lililopakwa fedha, yaani kazi ya nusu sonara.

Bibi alipoletewa kidani alikifungua, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. "Baba yenu mmemkata kofia," akasema. Kweli, sumni ilikuwa imepita juu ya nyusi tu. Lakini akakivaa. Harusini, shoga zake walipomwuliza kama ni fedha safi au bati la dukani, akawajibu, "Ni kanzu zenu hizo, mlizopigia picha kwa mwanangu."

Machi bei ikaporomoka, na sonara hakuja tena na debe.