Nilivyoirudisha Ndisuio, draiva ya ndani ya Windows, kwenye hali yake, wayafai ikarudi

Laptopu ya mdogo wangu, Windows 10, iliacha kuona wayafai kabisa wakati simu zetu zinashika fresh tu. Fundi akasema hapo ni kufomati. Mi nikakataa, mle ndani kuna kazi zake za chuo, na kadi ya wayafai inaonekana vizuri kwenye Device Manager haina hata alama ya njano, sasa unafuta mashine nzima kwa lipi?

Nikafungua services, lile dirisha la programu zinazopiga kazi chinichini, nikaitafuta WLAN AutoConfig, ndo sevisi inayoendesha wayafai kwenye Windows, kila nikiiwasha inagoma inaleta error 1068. Hiyo namba watu wanaiogopa bure, inasema tu kwamba kuna sevisi nyingine ambayo hii inaitegemea na ndo imekataa kuwaka. Ipi sasa? Nikafungua Command Prompt kama administrator nikaandika sc qc wlansvc (wlansvc ndo jina fupi la WLAN AutoConfig), ikaleta majina manne ya zile inazozitegemea: nativewifip, RpcSs, Ndisuio na wcmsvc. Nikazikagua moja moja kwa sc query, zote zinapiga kazi isipokuwa Ndisuio. Nikaandika sc qc Ndisuio nikakuta iko namba 4, yaani imezimwa kabisa, wakati Windows inakuja nayo ikiwa 3, inakaa inasubiri kuitwa. Na kwenye lile dirisha la services utaitafuta mpaka uchoke, draiva za ndani hazionyeshwi mle, kwa hiyo hata fundi simlaumu sana. Kumuuliza dogo, kumbe aliweka kiprogramu cha kuongeza spidi, vile vinavyozima sevisi ovyo ovyo, mi navichukia kweli.

Kwanza nikahakikisha faili la ndisuio.sys lipo kwenye C:\Windows\System32\drivers, maana lingekuwa limefutwa ningeanza na sfc /scannow, komandi ya kurekebisha mafaili ya Windows. Lilikuwepo, basi nikaandika hii ya kuirudisha kwenye 3:

sc config Ndisuio start= demand

Hapo baada ya alama ya = acha nafasi, na tumia Command Prompt yenyewe, kwenye PowerShell sc ni komandi nyingine kabisa. Nikamalizia na sc start Ndisuio halafu net start wlansvc, haikuleta tena ile 1068, na majina ya wayafai za majirani yakajaa hapo chini. Kiprogramu nikakiondoa, nikaristati, nikaangalia tena sc qc Ndisuio, bado iko 3.