Jinsi nilivyozuia maji kujaa kwenye tangi la farumi

Boti yetu ya kuvuta wachezaji wa ubao, tunayoiendesha kati ya Shela na Manda, ilikuwa ikilalia kushoto kila ilipoongezwa kasi, ingawa pampu ya farumi, yaani maji yanayowekwa tangini ili kuipa boti uzito, ilikuwa imezimwa: tangi la upande huo lilikuwa likijaa lenyewe. Nilifunga vali ya kuingizia maji iliyo sakafuni, tukaenda kwa kasi ileile, na tangi likabaki tupu. Hivyo maji hayakupitia tundu la kutolea hewa la tangi, bali yalisukumwa na mwendo wa boti kupita ndani ya pampu iliyosimama.

Nilipoifungua, mapezi ya mpira ya impela (gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu), ambayo ndiyo huziba njia pampu inapopumzika, yalikuwa yamelika na kupinda, na mchanga umekwaruza kifuniko. Nilibadilisha vyote viwili. Vali ya njia moja nisingeishauri hapa, kwani pampu hiyohiyo, ikizungushwa kinyume, ndiyo hutoa maji tangini kwa njia hiyohiyo.