Karatasi ya Peremende

Somo: Mathayo 7:7–11

Wapendwa wanajumuiya, Tumsifu Yesu Kristo!

Mtoto akiomba mkate, mzazi gani atampa jiwe? Swali hilo la Yesu limenikaa wiki nzima, na kila nikilirudia linanipeleka Tuam, mji mdogo wa magharibi mwa Ayalandi.

Kuanzia 1925 hadi 1961, masista waliendesha hapo nyumba ya wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Jengo lenyewe lilikuwa makao ya mafukara tangu Njaa Kuu, viazi vilipooza mashambani na watu kama milioni moja wakafa. Msichana alijifungua, akatumika bila ujira karibu mwaka mzima, kisha akaondoka. Mtoto akabaki.

Waliofikia umri wa shule walikwenda kwa mstari, viatu vikigonga barabara. Waliingia wenzao wakiwa wameshaketi na kutoka kabla yao, wasije wakachanganyika. Catherine Corless alisoma na baadhi yao. Siku moja, akiiga mzaha wa mwenzake, alimpa mmoja wao karatasi ya peremende iliyokunjwa vizuri. Peremende haikuwamo. Amelisimulia hilo mwenyewe, kwa majuto.

Akiwa mama mtu mzima, alianza kuuliza wale watoto waliishia wapi. Akapata vyeti vya vifo 796, na kumbukumbu za mazishi hakuna. Mwaka 2017 tume ya serikali ilithibitisha kuwa mabaki ya watoto wachanga yamo chini ya uwanja wa nyumba ile, katika vyumba vilivyojengwa ndani ya shimo la zamani la maji taka.

Mnivumilie, najua haya ni ya nyumbani kwetu. Waliowafungia mabinti milango hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa misa na rozari, na nadhani hakuna aliyejiona anatoa jiwe. Ajabu ni kwamba aliyewahesabu watoto wale mmoja mmoja ni yule ambaye karatasi tupu haikumtoka moyoni.

Julai 2025 wataalamu walianza kufukua uwanja huo. Ndugu wa marehemu, wengine wazee kabisa, wanatoa vinasaba vyao vilinganishwe na mifupa. Majina yote yapo kwenye orodha ya Corless. Kinachotafutwa sasa ni yupi ni yupi.