Siku moja maishani mwangu: kufunga mita ya ulaji wa mafuta kwenye gari la zamani

Fundi umeme wa magari hapa Dar anajulikana kwa redio, alamu na taa. Mtu akipita gerejini akakuta tumeinamia dashibodi iliyofumuliwa, anadhani tunatafuta fyuzi iliyoungua. Kuna kazi nyingine tunayoifanya humo, inayotaka hesabu kuliko nguvu: kumtengenezea dereva mita inayomwonyesha gari lake linakula kiasi gani, papo hapo akiwa barabarani, kwenye gari ambalo kiwanda hakikuliwekea kitu hicho. Naandika siku moja ya kazi hiyo ili watu waone inavyofanyika.

Saa moja asubuhi tunafungua, tunafagia, tunakunywa chai. Gari la leo limelala uani: Corolla AE100, injini ya 5A-FE ya cc 1500. Gari jipya lingekuwa rahisi, maana lina tundu la OBD2, unachomeka kifaa na simu inasoma kila kitu. Marekani ililazimisha tundu hilo kwa magari ya kuanzia 1996. Corolla hizi za soko la Japani za mwanzo wa miaka ya 1990 hazina. Zina kiboksi cha uchunguzi kwenye injini chenye vitundu vya TE1 na E1, ukiviunganisha taa ya injini inakonyeza namba ya hitilafu, basi. Hakuna takwimu za mafuta humo.

Kwa hiyo tunachukua habari mbili kutoka kwenye gari lenyewe. Ya kwanza ni muda ambao nozeli, kile kinachopulizia mafuta kwenye injini, inakaa wazi, kwa sababu presha ya mafuta dhidi ya nozeli inashikiliwa sawa na rejuleta, hivyo muda wa kufunguka ndio unaoamua kiasi kinachopita. Ya pili ni umbali, kutoka kwenye waya wa spidi. Gawanya umbali kwa mafuta, umepata kilomita kwa lita. Mchoro wa MPGuino, mita ya kujitengenezea ya aina hii, umejengwa juu ya wazo hilohilo, na ndio niliouzoea.

Saa mbili niko mezani na pasi ya kulehemu. Ubongo ni Arduino Nano, kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu, kioo ni cha herufi 16 kwa mistari 2 chenye kibao cha I2C mgongoni, ambacho kinapunguza waya hadi nne: umeme, ethi (upande wa hasi), na pini A4 na A5 za Arduino. Kioo kikiwaka bila maandishi, mara nyingi anwani kwenye programu haikulingana na ya kibao. Jaribu 0x27, ikikataa weka 0x3F. Na kabla ya yote zungusha kiskrubu cha mwanga kilicho nyuma, watu wengi wametupa vioo vizima kwa kutokigusa.

Umeme wa gari ni mchafu. Betri inasomeka volti 12, injini ikiwaka inakuwa 14, stata ikizunguka inashuka hadi 9 au chini yake, na kuna mishtuko ya volti nyingi kila relei inapoachia. Ninaanza na fyuzi ya ampea 1, daiodi ya 1N4007 ya kuzuia aliyegeuza waya, kizuia mshtuko cha P6KE18A kati ya chanya na ethi, kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 35, halafu kishusha volti cha LM2596 kilichowekwa kwenye volti 5 kabla hakijaunganishwa na kitu chochote. Rejuleta ya 7805 inafanya kazi pia, ila inapoteza volti 9 zote kama joto, na ndani ya dashibodi la gari lililoegeshwa juani Kariakoo joto lipo la kutosha.

Umeme unachukuliwa kwenye fyuzi inayowaka na swichi, si ile ya kudumu. Mita yenye kioo kinachowaka inakula kama miliampea 50. Ni kidogo, lakini kwa siku ni zaidi ya saa-ampea 1, na betri ya gari hili ni ndogo. Gari likikaa wiki mbili bila kuwashwa utaitwa na mteja aliyekasirika. Kwa kuwa umeme unakatika kila swichi ikizimwa, jumla ya safari inaandikwa kwenye kumbukumbu ya EEPROM. Hapo kuna mtego: kumbukumbu ile imeahidiwa kuandikwa mara 100,000. Programu ikiandika kila sekunde, ahadi hiyo inakwisha kwa saa 28 za kuendesha. Andika gari likisimama tu.

Saa nne tunaingia kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Kwenye michoro ya Toyota waya za nozeli huandikwa #10, #20 na kuendelea, na waya wa spidi ni SPD. Usiamini rangi, gari limeshapita mikono mingi. Nozeli inapata chanya muda wote, kontroboksi inaifungua kwa kuipa ethi. Pima hapohapo injini ikiwaka: waya sahihi wa nozeli kwenye mita ya kawaida unasoma karibu volti 14 na unashuka kidogo ukikanyaga mafuta.

Nozeli ni koili, hivyo kontroboksi ikiiachia inarusha mshtuko wa makumi ya volti. Ukipeleka waya huo moja kwa moja kwenye Arduino umeiua. Mimi napitisha kwenye optokapla ya PC817, kifaa kinachopitisha habari kwa mwanga bila waya kugusana: chanya ya nozeli, rezista ya 1.5k, taa ya optokapla, kisha waya wa nozeli. Nozeli ikifunguka taa inawaka kwa takriban miliampea 8. Taa hiyo haivumilii volti za kinyume zaidi ya 6, kwa hiyo daiodi ya 1N4148 inalala sambamba nayo kwa kuelekea upande wa pili. Upande wa Arduino, pini D2, naweka rezista ya 2.2k ya kuivuta pini kwenda volti 5. Wengi wanaacha ile ya ndani ya Arduino, ambayo ni 20k hadi 50k. Inafanya kazi, kioo kinaonyesha namba, ila optokapla inachelewa kuzima na kila pigo la nozeli linaonekana refu kuliko lilivyo. Kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, ambako pigo lote ni milisekunde 3 hivi, ucheleweshaji mdogo ni kosa kubwa.

Viungo vyote vinalehemiwa na kufunikwa. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu kwenye kontroboksi ni kuzima gari katikati ya barabara ya Mandela kesho kutwa, na ukishamzimia mtu gari hakuna atakayekumbuka kwamba mita ilisoma vizuri.

Saa sita na nusu tunawasha, na hapo kazi inakwama. Gari limesimama, kioo kinasema linakwenda kilomita 9 kwa saa. Ukikanyaga mafuta inapanda hadi 30. Hakuna aliyekula chakula kabla hilo halijatatuliwa.

Spidi ya gari hili inatoka kwenye swichi ndogo ya sumaku ndani ya mita ya dashibodi. Kwa kiwango cha Kijapani kebo ya spidi inazunguka mara 637 kwa kilomita, na swichi inatoa mapigo 4 kwa mzunguko, yaani 2,548 kwa kilomita. Kwa mwendo wa 60 hayo ni kama mapigo 42 kwa sekunde, polepole sana. Kitu kinachopanda na mzunguko wa injini wakati tairi zimesimama si spidi, ni mlipuko wa plagi unaodakwa na waya. Tulizima feni, alternata tukaiacha bila mkanda kwa muda mfupi, redio tukaitoa, haikubadilika. Tukafuata waya wa SPD sentimita kwa sentimita hadi tulipokuta sehemu iliyounganishwa zamani na mtu wa alamu, ikapitishwa pamoja na waya wa distribyuta. Na ethi ya mita yetu ilikuwa kwenye boliti ya bodi chini ya dashibodi, yenye rangi chini yake. Ethi nikaihamishia kwenye ethi ya kontroboksi yenyewe, waya ukatengwa, na kabla ya pini D3 nikaweka rezista ya 10k, kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenda ethi na zena ya volti 5.1. Kichujio hicho kina milisekunde 1: mlipuko wa plagi unafia humo, na mtetemo wa swichi ya sumaku, unaoweza kuhesabu pigo moja mara mbili, unafia humo pia. Pigo halisi hata kwa mwendo wa 120 lina karibu milisekunde 12, linapita salama. Kioo kikasoma sifuri na kikabaki sifuri.

Wali maharage wa mama ntilie uliliwa saa tisa, umepoa. Katikati ya kula simu kutoka Arusha: gari la kabureta, amefunga geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini, kama nilivyomwelekeza, inasoma inchi 15 za zebaki kwenye sailensa na kitabu kinasema 17 hadi 22. Kitabu kimepima usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda zinaondoa kama inchi 1, na Arusha iko kwenye mita 1,400. Gari lake ni zima. Kwenye kabureta hakuna nozeli ya umeme ya kupima, geji ya vakyumu ndiyo njia ya bei nafuu: sindano ikishuka kuelekea sifuri unamwaga mafuta, ikikaa juu unatembea kwa adabu.

Kisha akaja yule wa Noah.

Alifungiwa mita mapema wiki hii, akarudi ameshika karatasi. "Fundi, mita yako inaniibia. Inasema kilomita 7 kwa lita. Jirani yangu ana Noah kama hii, inakwenda 12."

"Karibu kaka, kaa. Ulijaza tanki kama tulivyokubaliana?"

"Niliweka ya elfu ishirini. Jana nikaongeza ya thelathini."

Kwenye sheli ileile? Hapana, moja Tabata, nyingine Kimara. Alijuaje kwamba amezimaliza? Taa iliwaka. Hapo ndipo tatizo lote la kazi hii hapa mjini lilipo, na nilimweleza kwa zaidi ya saa nzima nikiwa nimechoka, kwa sababu nikiliacha atakwenda kuisema mita kila kijiwe.

Mita mpya haijui nozeli yako inapitisha kiasi gani. Nimeanza na makisio, tuseme cc 180 kwa dakika. Nozeli yenye uchafu wa miaka inapitisha pungufu, presha ikiwa juu inapitisha zaidi. Ukweli unatoka kwenye pampu, na pampu inasema ukweli kama tanki limejazwa hadi mdomo wa bomba ukate wenyewe mara ya kwanza, bila kuongeza vitone. Unatembea hadi angalau nusu ya tanki, unarudi pampu ileile, gari limesimama palepale na kwa mwelekeo uleule, unajaza tena hadi likate. Mita ikisema umetumia lita 11.2 na pampu ikaandika 12.6, unagawanya, unapata 1.125, unazidisha 180, sasa nozeli ni 202.5. Elfu ishirini na taa ya tanki havitoi hesabu hiyo. Taa inategemea boya, na boya linategemea kilima ulichoegesha.

Na hiyo ni nusu tu. Nozeli ikipewa umeme haifunguki hapohapo, inapoteza kama milisekunde 0.8 ikijikusanya, na volti zikishuka inapoteza zaidi. Mfano wa injini ndogo: sailensa ya mizunguko 800, nozeli 4, kila moja inafunguka mara 400 kwa dakika kwa milisekunde 3. Ukitoa 0.8 unapata lita 0.63 kwa saa. Usipoitoa unapata 0.86. Kosa hilo linauma kwenye foleni, ambako mapigo ni mafupi, na karibu linapotea kwenye barabara kuu. Ndiyo maana naomba tanki mbili, moja ya foleni na nyingine ya kwenda Chalinze na kurudi. Zote zikikosea sawa, rekebisha nozeli. Ya foleni ikikosea peke yake, rekebisha huo muda uliopotea.

Nikatoka kuangalia tairi zake. Amezibadilisha na kuweka kubwa ili gari linyanyuke, kama wengi wanavyofanya. Kwenye Corolla, kutoa 175/65 R14 na kuweka 185/70 R14 kunalikuza tairi kwa zaidi ya asilimia 5, na kilomita zote zinahesabiwa pungufu kwa kiasi hicho, ulaji unaonekana mbaya zaidi. Unasahihisha kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka.

"Basi ipandishe tu isome kumi na mbili, fundi. Wewe si unayo programu?"

Hilo nililikataa, na nililikataa kwa sauti. Namba iliyopandishwa inamnyima dereva kitu pekee alichokilipia. Mita haipunguzi mafuta. Inamwonyesha kwamba akisimama na AC foleni ya Buguruni lita zinaondoka bila mita moja ya mwendo, na kwamba akiachia mguu mapema akiwa kwenye gia, kontroboksi inakata mafuta kabisa na namba inaruka juu, ndiyo maana programu inaifungia 99.9. Anayeyaona hayo kila siku anabadilika mguu. Anayedanganywa na kioo hana cha kubadilisha.

Alinyamaza, akakunja karatasi yake. Tukakubaliana kesho saa moja sheli ya karibu na gereji, aje na tanki karibu tupu, nami nitakuwepo na kompyuta.

Giza likaingia nikiwa bado na Corolla. Kioo tumekishusha chini ya redio, juu ya dashibodi jua lingekifanya cheusi kwa muda ukilisimamisha gari. Boksi likafungwa kwa skrubu, si kwa gundi. Mgongo unauma kwa kuinama chini ya usukani. Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa mwenye Hilux ya dizeli yenye injini ya aina ya 3L, anataka mita kama hii. Nimemjibu haiwezekani kwa njia hii: pampu yake ni ya kimakanika, nozeli hazina waya, na mafuta mengi yanarudi kwenye tanki, hivyo angehitaji vipima mtiririko viwili, cha kwenda na cha kurudi, na tofauti yao ndiyo ulaji. Vikikosea kidogo kila kimoja, tofauti inakosea sana. Nimemwambia aanze na daftari na pampu.