Nilivyoifufua randa ya wakati wa vita

Mzee mmoja anayeuza zana kuukuu kwenye gulio la Jumamosi hapa Ohio aliniachia randa namba 5 ya Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, kwa bei ya kutupa. Aliishuku ni feki. Stanley gani, alisema, isiyo na shaba hata kidogo? Kumbe hicho hasa ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kwa kawaida kigurudumu cha kushushia na kupandishia kisu huwa cha shaba. Hiki ni cha raba ngumu, nyeusi. Mpini nao ni wa mbao ya kawaida iliyopakwa rangi nyeusi. Ukiuona juujuu utadhani mpingo. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, shaba ilihitajika kwa maganda ya risasi, na bodi ya uzalishaji iliyoundwa na Rais Roosevelt Januari 1942 ikawa ndiyo inayopanga nani apate madini gani. Hata senti moja ya mwaka 1943 ilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, sembuse randa! Spana nyingi za miaka hiyo nazo hazina kromu ya kung'aa. Wauzaji wengine watakuapia kwamba kila zana nyeusi ilikuwa ya jeshi. Mimi huamini muhuri tu, kama USN ya jeshi la wanamaji. Yangu haina.

Niliifungua yote. Skrubu na vyuma vidogo vikalala kwenye siki nyeupe, asubuhi nikavisugua kwa brashi ya waya, nikavisuuza kwa maji ya magadi soda na kuvipaka mafuta papo hapo. Kigurudumu kilikuwa kimeganda. Koleo sikuligusa, maana raba ya umri huo hupasuka. Nilidondosha mafuta kwenye nyuzi za skrubu, nikasubiri, kikazunguka kwa vidole. Tumbo la randa nililinyoosha kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo, kazi ya jasho, kwani chuma cha randa hizi ni kinene kuliko cha zile za kabla ya vita.

Haina ile skrubu ya nyuma ya kusogezea kitako cha kisu, yaani kipande cha chuma ambacho kisu hukilalia; hiyo nayo watengenezaji waliiacha ili kubana matumizi. Unalegeza skrubu mbili zinazokishika kitako, unakisogeza kwa mkono, unakaza. Ni adha kidogo, lakini ukishapata nafasi yake hukigusi tena.

Sasa nanyooshea nayo fremu za milango. Kazi za juu ya ngazi naiacha chini, ni nzito mno.