Tulivyopata kitalu nyumba kupitia EQIP huku Maine

Watu wakipita shambani kwetu huuliza: "Serikali iliwapa bure?" Hapana. Si bure, wala si mkopo. EQIP ni mpango wa Idara ya Kilimo ya Marekani, ulioletwa na sheria ya kilimo ya 1996. Unakubali kufanya kazi fulani ya kutunza udongo, maji au mimea kwenye ardhi unayolima, nao wanakulipa sehemu ya gharama. Ofisi inayousimamia inaitwa NRCS.

Sisi tunalima lengalenga (mchicha), ngogwe na mahindi meupe nje ya Lewiston, kwenye ardhi ya kukodi. Mazao ya kwetu hayavumilii baridi ya huku. Mwezi wa tano bado unaogopa kupanda, na mwezi wa kumi ukiingia baridi inaweza kupiga usiku mmoja, asubuhi ukakuta ngogwe zimelala chini, majani meusi, na wateja bado wanapiga simu kuulizia. Ndiyo maana tulitaka kitalu nyumba: mabomba yaliyopindwa, plastiki juu, hakuna mashine ya joto, mazao yanapandwa ardhini kabisa.

Mlango wa kwanza si NRCS, ni FSA, ofisi nyingine ya Idara hiyo hiyo ya Kilimo, ambao mara nyingi wako jengo hilo hilo. Hao ndio wanaokupa namba ya shamba, na bila namba hiyo faili lako haliendi popote. Mkalimani ukimhitaji, uliza. Kilichotuchelewesha ni ardhi. Tulikuwa tunalima kwa mdomo tu: kila msimu tunampa mzee mwenye shamba pesa yake, tunashikana mikono, basi. EQIP wanataka karatasi inayoonyesha kwamba ardhi itabaki mikononi mwako muda wote wa mkataba, na mwenye ardhi akubali kijengwe kitu juu yake. Mzee alikuwa na hofu moja tu, kwamba kodi anayolipa serikalini kwa ardhi hiyo ingepanda. Mke wangu ndiye aliyekwenda kuongea naye, maana mimi huwa na haraka. Akarudi na mkataba wa miaka kadhaa uliotiwa sahihi.

Baadaye afisa wa NRCS alikuja shambani, dada mmoja mpole mwenye buti za matope. Nilidhani angepima urefu na upana aondoke. Kumbe alichimbua udongo kwa chuma kirefu, akausugua kwenye kiganja, akatazama mteremko, kisha akauliza: "Maji yakishuka kwenye plastiki yataelekea wapi?" Kwa kweli ni swali la maana. Paa kubwa namna ile mvua moja inamwaga maji mengi pande zote mbili, na chini yetu kuna kijito. Basi mpango ukaingiza njia ya kuyaongoza maji, pamoja na kupanda rai, nafaka inayovumilia baridi, baada ya mahindi ili ardhi isikae uchi majira ya baridi. Pesa hiyo inalipia uhifadhi, kitalu ni sehemu yake tu. Ndani yake huruhusiwi kufuga kuku wala kuegesha trekta.

Kuomba unaweza wakati wowote wa mwaka, lakini kuna tarehe ya kufunga, halafu maombi yanashindanishwa kwa alama. Wengine hukosa wakasubiri awamu nyingine. Na hapa sikiliza vizuri: usinunue hata bomba moja kabla mkataba haujasainiwa na pande zote. Jirani yetu alikuta vifaa vya bei nafuu, akanunua mapema na kuanza kujenga. Hakulipwa.

Jambo la pili ni kwamba malipo huja baada ya kazi kukaguliwa. Lakini kama una miaka 10 au pungufu katika kilimo, au kipato chako ni kidogo (hadi 2025 hata waliotoka katika jamii zilizobaguliwa tangu zamani walihesabiwa), kiwango chako ni kikubwa zaidi, kinaweza kufika asilimia 90 ya gharama. Tena unaweza kuomba angalau asilimia 50 ya malipo hayo itangulie, mradi uitumie ndani ya siku 90. Tuliomba. Iliyobaki tulitegemea likelemba ya akina mama, yaani mchango wanaopokezana kwa zamu. Mwenzetu mmoja alikubali kutupisha zamu yake.

Tulichagua paa lililochongoka juu, kwa sababu la duara linashikilia theluji. Kujenga, wenzetu walikuja Jumamosi, tukawapikia ugali na sombe. Plastiki ilivutwa asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Ukichelewa unakuwa umeshika tanga. Afisa akaja na kamba ya kupimia, maana malipo huhesabiwa kwa futi za mraba, na baada ya muda pesa ikaingia benki.

Sasa lengalenga tunaanza kukata wakati majirani bado wanangoja baridi iishe, na ngogwe zinaendelea hadi mwezi wa kumi na moja ukikaribia. Ila mwanzoni mwa mwaka uliofuata ilikuja fomu ya 1099-G: malipo yale ni kipato, yanaandikwa kwenye kodi. Risiti zote, hata za misumari, tulikuwa tumezitia kwenye ndoo ya mfuniko, na anayetutengenezea kodi alizihitaji karibu zote.